Sanamu ikishawekwa mahali pa watu wote, nani ana haki ya kusema itolewe?

MpitaNjia:
Wadau salama? Naomba tujadili hili maana limenikaa kichwani. Kuna kazi ya msanii wa Marekani Richard Serra inaitwa Tilted Arc, ilisimamishwa New York mwaka 1981 kwenye uwanja wa majengo ya serikali kuu, ni ukuta wa chuma chenye kutu, urefu mita 36 na kimo kama mita 3.7, umekatisha uwanja katikati, yaani mtu akitoka ofisini anataka kuvuka lazima auzunguke. Wafanyakazi wakaanza kulalamika mwaka huohuo. 1985 kikaitishwa kikao cha kutoa maoni, waliosema ibaki walikua 122, waliosema iondoke 58, na bado wakubwa wakaamua itolewe. Serra akaenda mahakamani akashindwa, 1989 ikakatwa vipande usiku ikapelekwa stoo. Mwenyewe alishasema ile kazi imetengenezwa kwa ajili ya pale tu, ukiihamisha umeiua. Sasa hapa nani alionewa, msanii au wale wanaopita pale kila siku? Na kumbukeni hela ilikua ya umma, dola 175,000.

Nje_ya_Fremu:
Mkuu hio hesabu ya 122 kwa 58 usiichukue ivo ivo. Wengi waliosimama kuitetea walikua watu wa sanaa wenyewe, na mtu anaepita pale asubuhi na jioni ana macho mengine kabisa. Makumbusho unaingia kwa hiari yako, hujapenda unatoka, ila uwanja wa kwendea kazini huna pengine pa kupita. Kwangu mimi walionewa wapitaji. Lakini kuikata usiku sikubaliani nako hata kidogo, kitu kilichojadiliwa hadharani kitolewe hadharani.

mama_michoro:
Naheshimu mawazo yenu ila mnasahau muda. Kile chuma cha Picasso pale Chicago, sanamu ya kimo mita 15, kilipofunuliwa 1967 watu walikua wanaulizana huyu ni ndege, mbwa au mwanamke, magazeti yakakisema vibaya, kuna diwani alitaka kitolewe. Leo watoto wanateleza kwenye kitako chake na wenye mji wanakionyesha wageni. Picasso hela alikataa, aliwapa zawadi. Kama mji ungesikiliza hasira ya mwaka wa kwanza tu kisingekuwepo.

Ila nakubali muda hautibu kila kitu. Mjini hapohapo ipo sanamu ya Cloud Gate ya msanii Anish Kapoor, ile inayong'aa kama kioo, ilianza kuonekana 2004 ikamalizika 2006, mabati 168 ya stenlesi yameunganishwa yakasuguliwa mpaka huoni kiungo hata kimoja. Sasa angalieni kitu kimoja ambacho mimi hunifikirisha sana, uwazi wake wa chini una kimo kilekile karibu na cha ukuta wa Serra, mita 3.7, lakini huku unapita chini yake unajiona wewe na majengo na mawingu vyote vimepinda, kule ulikua unasimamishwa. Vyote ni chuma, vyote vikubwa, vyote havina sura ya mtu. Kwa hiyo watu wanaosema umma hauelewi sanaa isiyo na sura sio kweli, watu wanaielewa vizuri tu, wanachokataa ni kuzibiwa njia.

Nje_ya_Fremu:
Hapo kwenye mita 3.7 dada umenikamata, sikuwahi kuliona.

Ukuta_Wangu:
Nyie wote mnaongelea mpitaji, ngoja nimuongelee msanii. Serra alishindwa kwa sababu kazi ilishanunuliwa na serikali, kwa hiyo mwenye mali ndio akawa mwenye neno. Marekani wakaja kutunga sheria 1990 inayomlinda msanii wa kazi za kuonekana hata akishauza. Na ina meno. Kule Queens, New York, kulikua na majengo yamejaa grafiti, ile michoro ya rangi ukutani, yanaitwa 5Pointz, mwenye majengo alikua ameruhusu wachoraji miaka mingi, 2013 akataka kujenga maghorofa, akapaka rangi nyeupe usiku juu ya michoro yote bila kuwapa wasanii notisi ya siku 90. 2018 jaji akaamuru awalipe wasanii 21 jumla ya dola milioni 6.7, na rufaa ikashindwa 2020. Mahakama haikumkataza kubomoa jengo lake! Angewapa notisi wakapiga picha, wakatoa kinachotolewa, kesi ingekua nyepesi sana.

MpitaNjia:
Asanteni sana jamani. Sasa je kama kazi zingekua za muda tu? Nimeona kazi ya wasanii Christo na Jeanne-Claude, zile fremu 7,503 zenye vitambaa vya rangi ya chungwa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 2005, siku 16 tu zikatolewa, na hela walitoa wao kwa kuuza michoro yao. Hapo sioni wa kulalamika.

mama_michoro:
Walilalamikiwa sana tu, ombi lao la kwanza lilikataliwa 1981, na waliendelea kuomba mpaka wakakubaliwa. Ila ndio, nakuunga mkono. London kwenye uwanja wa Trafalgar Square, juu ya ile nguzo fupi ya nne ya kuwekea sanamu, wanabadilisha kazi kila baada ya muda toka 1999, hujaipenda hii unasubiri inayofuata. 2009 msanii Antony Gormley alipandisha watu wa kawaida juu yake, kila mtu saa moja, mchana na usiku siku 100, watu 2,400. Hata hivyo mji wenye kazi za kupita tu utakosa kitu, ile ya Picasso isingepata muda wa kuzoeleka.

Ukuta_Wangu:
Na matunzo hamjayagusa. Cloud Gate sehemu ya chini inafutwa kwa mkono mara mbili kwa siku, ndio maana bado inang'aa na watu bado wanaipenda. Mchoro wa ukutani ukipigwa na jua miaka kadhaa bila kurudiwa rangi unaanza kubanduka, na watu wakishaona umetelekezwa wanabandika matangazo juu yake. Bajeti ya kutunza iandikwe kwenye mkataba siku ileile msanii anaposaini, pamoja na nani ataitwa siku wakitaka kuitoa.