Mjadala: Vitabu vya maktaba ya shule vifungiwe kabatini visiharibike?

Ndugu zangu, hoja hii imetugawa kwenye kikao cha wazazi huku kwetu Bombo, Uganda. Wengi wanataka vitabu vya maktaba vitiwe kufuli, na mtoto akichana ukurasa mzazi alipe kitabu kizima. Mimi nilipinga, na bado napinga.

Mwaka mmoja, mvua za Machi hadi Mei zilipokatika, nilisaidia kufungua kabati la mbao lililoegemezwa ukutani. Kwa nje migongo ya vitabu ilikuwa mizima kabisa. Nikavuta kamusi ya Kiswahili, ikaja nyepesi kama ganda la yai. Mchwa walipanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao wa nyuma, wakala karatasi yote ndani na kuacha jalada. Vitabu vya jirani vilinuka ukungu, kurasa zimegandana. Hakuna mtoto aliyekuwa amevigusa.

Ukungu hupenda hewa iliyotuama, na unyevu ukipita asilimia 65 hivi huanza kuota. Kabati lililofungwa miezi mitatu linaupa yote hayo. Afadhali rafu za chuma, ziachane na ukuta kwa upana wa kiganja, ubao wa chini usiguse sakafu, madirisha yafunguliwe siku za jua, na vitabu vipanguswe na kupekuliwa kila wiki.

Watoto wanachana, ndiyo. Basi wafundishwe: mikono mikavu, pembe zisikunjwe, na kitabu kisivutwe kwa kushika ncha ya juu ya mgongo, maana hapo ndipo hung'oka. Nasi wakubwa tuache selotepu. Baada ya miaka michache gundi yake hugeuka kahawia na doa halitoki tena. Karatasi nyembamba na uji wa wanga hushika vizuri zaidi.

Faini ya kitabu kizima ndiyo inayoniuma. Mzazi anayehangaikia karo atamwambia mwanawe asikiazime kabisa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vyake tulivyo navyo ni vya kuhesabu kwa vidole, halafu tuvifungie?

Mnaotetea kufuli, nijibuni: humo kabatini nani atavikagua, na mara ngapi kwa mwezi?