Krimu ya madoa imemharibu mdogo wangu figo, tunaweza kumshtaki muuzaji?

DadaMkubwa_Mbezi

Habari za jioni wadau, naombeni mawazo yenu hasa wanaojua sheria na wale wa hospitali. Mdogo wangu wa kike alibaki na madoa usoni baada ya kujifungua, yale yanayokuja na mimba, wifi yetu akamnunulia krimu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni anayejiita mtaalamu wa ngozi, ana duka Kariakoo na wafuasi kibao. Krimu imetiwa kwenye kikopo cheupe chenye stika ya jina la huyo muuzaji tu, hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna tarehe ya kuisha, kiwanda hakijulikani. Madoa yalifutika haraka mno na uso ukang'aa, kila mtu anamsifia, akaanza kupaka hadi shingoni na mikononi.

Baada ya miezi kadhaa akawa anaamka uso umevimba, afu ikaja miguu, ukibonyeza kidole panabaki shimo, mkojo una mapovu kama ya sabuni. Zahanati ya kwanza wakasema presha wakampa vidonge. Jibu tumelipata hospitali kubwa, daktari wa figo alivyoona protini inavyovuja kwenye mkojo akamuuliza hapohapo "unapaka nini usoni?" Akaagiza kipimo cha zebaki (mercury) na kweli imekutwa iko juu.

Tukamwandikia muuzaji, akajibu krimu zake ni asilia na mgonjwa ana mzio wake mwenyewe, afu akambloku wifi. Sasa je hapa kuna kesi? Aliyelipa ni wifi, aliyeumia ni mdogo wangu, risiti hatuna ila tuna meseji ya malipo ya simu na chati za WhatsApp. Kikopo kipo, kimebaki kama robo. Shemeji ana hasira anataka tumposti huyo mama kila kona watu wamjue. Nisaidieni jamani maana gharama za hospitali zinatumaliza na huyu binti ana mtoto mdogo.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana dada. Nianze na hilo la mtoto kwa sababu ndo la haraka kuliko kesi. Kama analala na mama yake na anamshika uso basi na yeye apelekwe apimwe mkojo, usisubiri aonyeshe dalili. Zebaki ya kwenye krimu haikai kwa aliyepaka tu, inahamia kwenye taulo, foronya, mikono, na nyingine inageuka mvuke watu wa nyumba hiyo wanaivuta bila kujua. Mwambieni daktari kama bado ananyonya ili aamue. Shuka na taulo zake zifuliwe kivyake, na kikopo mkifunge kwenye mfuko wa plastiki mkiweke mbali na jikoni na watoto. MSIKITUPE.

Hii habari ya figo wala sio ngeni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliokuwa wanavuja protini kwenye mkojo na kuvimba mwili, zaidi ya nusu ya wagonjwa wao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado tunalaza mabinti kwa tatizo lilelile, inaniuma kwa kweli. Zebaki inaizuia ngozi kutengeneza ile rangi yake ndo maana madoa yanaondoka haraka, lakini inapenya inaingia kwenye damu inaenda kurundikana kwenye figo. Wengine inawashika mishipa ya fahamu, utaona mtu anatetemeka, halali, ana wasiwasi usioeleweka, ganzi mikononi, anazungushwa hospitali na hakuna anayemuuliza anapaka nini.

Habari njema ni kwamba wengi wakiacha mapema figo zinarudi, ila inachukua muda na ufuatiliaji. Kuhusu dawa za kutoa zebaki mwilini muachieni daktari wa figo, msije mkanunua vitu vya "detoksi" mtandaoni mkaongeza tatizo juu ya tatizo.

Na kitu kimoja kitawasaidia hata kwenye kesi, mwombeni daktari aandike kwenye faili kabisa: krimu gani, alianza lini kupaka, kipimo cha zebaki kilisoma ngapi na tarehe. Wagonjwa wengi wanaona aibu wanakataa kwamba wanapaka, faili linaandikwa figo tu, baadae hakuna pa kushika.

Babu_Seba

Mi niseme ukweli, hawa mabinti wanajichubua wenyewe wakiumia wanatafuta wa kumlipisha. Hakimu atamuuliza nani alimlazimisha kupaka mkorogo.

Sheria_kwa_Wote

Mzee wangu Babu Seba shikamoo, lakini hapo naomba nikupinge kwa heshima. Kisheria ili useme mtu alijitakia hatari ni lazima awe aliijua hatari yenyewe. Huyu binti aliambiwa ni krimu ya madoa, asilia, na kikopo hakina hata neno moja la onyo. Angejuaje kuna zebaki? Na hata angekuwa anataka weupe, bado hakuna sheria inayomruhusu mtu kumuuzia mwenzake sumu. Maneno kama haya ndo yanafanya waathirika wakae kimya na wauzaji waendelee.

Dada Mkubwa, kesi ipo. Hilo la wifi kulipa lisikutishe, jambo hilohilo liliamuliwa zamani sana. Kule Scotland mwaka 1928 mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, akanywa, akadai ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza na ameumwa. Hakuwa mnunuzi kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Kesi ikafika juu kabisa London, mwaka 1932 wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule anayetumia bidhaa, hata kama hakuinunua yeye. Kanuni hiyo tumeirithi Tanzania na Kenya pia. Kwa hiyo mdogo wako anaweza kudai kwa msingi wa uzembe dhidi ya aliyeichanganya na kuiweka sokoni, na huyo muuzaji akibandika jina lake kwenye kopo amejifanya mtengenezaji mwenyewe. Wifi naye ana dai lake dogo la mkataba, bidhaa aliyouziwa haifai kwa kazi iliyouzwa kufanya, anastahili hela yake.

Zebaki kwenye vipodozi sio suala la kubishania. Ni marufuku hapa kwetu, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020 unaikataza pia. Mwanzo mkataba ulikuwa unalenga vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo, ila kwenye mkutano wa Geneva 2023 nchi zilikubaliana kuondoa hata hicho kiwango, vipodozi vyovyote vilivyotiwa zebaki mwisho 2025. Kwa hiyo mkithibitisha imo, hana pa kujificha.

Shida yenu ni hapo kwenye kuthibitisha. Kopo lenu limeshafunguliwa na limetumika, wakili wake atasema mmetia wenyewe au limechanganyika na kitu kingine nyumbani. Ndo maana nasema MSIMPOSTI. Mkimposti leo, kesho duka limesafishwa na mzigo umehamishwa, na juu yake anaweza kuwageuzia kibao kwa kashfa au kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2015. Nendeni kwanza TBS, shirika la viwango. Vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, lakini tangu 2019 vimehamia TBS, watu wengi bado wanapeleka malalamiko kusiko. Wakaguzi wa TBS wakiingia dukani wakachukua kopo ambalo halijafunguliwa, wakalifunga kwa lakiri na kulipima, hiyo karatasi ya maabara ina nguvu mara kumi ya robo kopo lenu. Lenu nalo mlikabidhi kwa maandishi, mpige picha, mtunze nakala. Ikionekana imo na steroidi kama klobetasoli, ile dawa kali ya kupaka ya magonjwa ya ngozi, basi hiyo ni dawa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wanaingia.

Halafu kuna FCC, tume ya ushindani. Sheria yake ya 2003 inagusa udanganyifu kwa mlaji na usalama wa bidhaa, na mtu aliyepata hasara anaweza kuomba fidia kupitia huko. Lakini mjue kabisa TBS kumpiga faini au kumfungia duka hakuwapi ninyi hata shilingi ya matibabu, fidia ya kuumia mnaidai wenyewe kwa kesi ya madai. Na muda unakimbia, madai ya uzembe ni miaka 3, msije mkakaa mkisubiri apone kwanza.

Meseji ya malipo na WhatsApp ni ushahidi unaopokelewa, sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Msifute kitu, msibadilishe simu, zile chati hamisheni kwenye barua pepe leo hii. Kama hela ya wakili hakuna nendeni LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo.

Mwana_wa_Nakuru

Poleni sana majirani. Hapa Kenya niongeze tu kwa wenye wako huku, katiba yenyewe kifungu cha 46 kinasema mlaji ana haki ya kulindwa afya yake na kulipwa akiumia kwa sababu ya bidhaa mbovu, na kuna sheria ya ulinzi wa walaji ya 2012. Ukiwa na dai lisilozidi shilingi milioni moja unaweza kuenda Small Claims Court, korti ya madai madogo, inasikiza hata mambo ya kuumia mwilini, unaweza kujisimamia bila wakili na wanafaa kumaliza kwa siku 60. Ikizidi hapo ni kwa hakimu wa kawaida. Malalamiko ya bidhaa yenyewe unapeleka KEBS, shirika la viwango la huku. Shida ni ileile, hizi krimu za kuchanganywa hazina alama ya KEBS wala jina la mwenye kutengeneza, unabaki kumshika yule uliyemlipa. Kwa hivyo usiwahi kulipa kashi, lipa na simu ndio jina litokee.

Duka_la_Losheni

Naongea kama mtu ninayeuza vipodozi Kariakoo miaka mingi. Wengi wa hawa wanaojiita wataalamu hawatengenezi kitu, wananunua krimu ya jumla kwenye ndoo, nyingine zinapita njia za panya, wanakoroga na tyubu za dawa ya ngozi, wanatia rangi na harufu nzuri wanajaza vikopo. Ukimuuliza kuna nini ndani hajui kwa kweli. Lakini kutojua sio utetezi, sisi wenye maduka tuliosajili bidhaa na majengo TBS tunalipa hela na tunakaguliwa, kwa nini yeye asijue anachouza? Mkienda TBS waambieni waulize alinunua wapi ndoo, maana ukimkamata mmoja wa rejareja na yule wa jumla akabaki, mwezi ujao kopo lilelile lina stika nyingine.

Na msidanganyike kwamba kopo lenye jina kubwa ni salama. California mwaka 2019, mji wa Sacramento, mwanamke aliingia kwenye koma kwa krimu iliyotoka Mexico, kopo lilikuwa na jina linalojulikana dunia nzima ila mtu wa kati alishaichanganya na zebaki, na aina yenyewe ilikuwa ile mbaya zaidi. Ukiona kwenye maelezo wameandika usivae dhahabu au fedha ukiwa umepaka, acha palepale, zebaki inashikana na madini hayo. Na kwenye orodha ya vilivyomo ukikuta neno kalomeli au mercury au mercurio, ndo hiyohiyo.

DadaMkubwa_Mbezi

Asanteni sana sana, nimesoma yote na shemeji nimemsomea, amekubali kutulia asiposti. Nesi Mungu akubariki, mtoto tumempeleka leo wamechukua mkojo, majibu bado. Mdogo wangu nae kumbe alikuwa hajamwambia daktari kwamba alipaka na mikononi, alisema uso tu kwa aibu, tumerudi ikaandikwa upya. Chati zote wifi ameshazihamisha. Swali langu ni moja, TBS nikienda nipeleke barua au naongea tu? Na wifi lazima awepo?

Sheria_kwa_Wote

Andika barua fupi, nakala mbili, wakupigie mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, hiyo ndo itaonyesha mliripoti lini. Taja jina la duka, mtaa, namba ya simu iliyopokea hela, na ambatisha nakala ya ripoti ya daktari. Wifi aende, yeye ndo shahidi wa ununuzi, na aseme alichoambiwa na muuzaji kwa maneno yaleyale, asipunguze asiongeze. Ukishapata mhuri niandikie inboksi nikusaidie kupanga barua ya madai kwa muuzaji, lakini hiyo isitumwe mpaka wakaguzi wawe wameshapita dukani.

Nesi_wa_Zamu

Na majibu ya mtoto yakitoka tuambie dada. Yakiwa juu ombeni karatasi yake ya peke yake, isiandikwe ndani ya faili la mama, naye ni mgonjwa na ana dai lake.