Baba kaangusha kikombe

Mdogo wetu (Ujiji): Jamani nani yuko macho?? baba simwelewi, kikombe kimemtoka mkono wa kulia chai yote kwenye mkeka na wala hajashtuka, nikimuuliza anaongea maneno yanaburuzika

Da Mkubwa: Mwambie atabasamu uangalie mdomo

Mdogo wetu: Umeenda upande, mate yanamtoka

Da Mkubwa: Ainue mikono yote miwili afumbe macho

Mdogo wetu: Wa kulia unashuka wenyewe dada

Da Mkubwa: Kiharusi hicho. Tafuta usafiri SASA HIVI aende hospitali ya Maweni

Shangazi Kasulu: Msikurupuke wanangu, huo ni upepo mbaya, mchueni na mawese, na mpeni soda labda sukari imeshuka

Da Mkubwa: Shangazi shikamoo, nisamehe sana lakini hapa hapana. Asipewe kitu, si soda si maji si vidonge vya presha, saa hizi koo linaweza lisimeze vizuri kikaingia kwenye mapafu, sukari watampima hukohuko. Na asprini msithubutu, kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, kwa macho hutofautishi mpaka apigwe CT scan ya kichwa, sasa umpe asprini kumbe ndani anavuja damu si unamuongezea

Mjomba: Nipo Mwanga na bajaji nakuja, mlazeni ubavu

Da Mkubwa: Asante mjomba 🙏🏾 Mdogo wangu, mara ya mwisho umemuona mzima kabisa ni saa ngapi? sio saa kikombe kilipoanguka

Mdogo wetu: Karudi msikitini vizuri, saa 12 na nusu akanituma sukari dukani, kikombe ni kama saa 1 na robo

Da Mkubwa: Basi andika 12 na nusu kwenye kiganja na peni. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima, yaani kwa baba mwisho saa 5, ikipita hapo hata pakiwa na dawa kwa kawaida hawampi. Ma'mdogo tulimkalia kikao mpaka jioni huku tukimchua, mnaona mkono wake mpaka leo

Mdogo wetu: Dada!! mdomo umerudi, anaongea, anasema nimuache anywe chai yake

Shangazi Kasulu: Alhamdulillah, si niliwaambia

Mjomba: Nimefika mlangoni, nirudi?

Da Mkubwa: USIRUDI MJOMBA. Hiyo ikija ikaondoka inaweza kuwa ndo inatangulia kikubwa chenyewe, kinaweza kuja leo leo au ndani ya siku mbili tatu. Shangazi nakuomba wewe umpigie, wewe dada yake atakusikia

Shangazi Kasulu: Nampigia

Mdogo wetu: Kakubali, kavaa kofia yake. Tupo njiani

Mdogo wetu: Tumefika saa 2 na dakika 5, nesi kauliza imeanza saa ngapi nikamuonyesha kiganja. Presha 198 kwa 112

Da Mkubwa: Baki naye, usitoke hapo hata kwenda kununua vocha, nakutumia