Mjadala: Kocha anayetakiwa na klabu za Afrika Kaskazini azuiwe, au aachwe aende?

Tarehe 20 Septemba 2025 Simba iliifunga Gaborone United bao 1-0 huko Botswana, katika mchezo wa mkondo wa kwanza wa raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku mbili baadaye klabu ikatangaza kuachana na kocha Fadlu Davids kwa makubaliano ya pande zote mbili, na haukupita muda mrefu akatambulishwa Raja Casablanca, klabu ambayo aliwahi kuitumikia kama kocha msaidizi katika msimu ambao iliutwaa ubingwa wa Morocco bila kupoteza mchezo. Mkondo wa pili ulikuwa bado haujachezwa, na ikabidi kocha wa wakati huo wa timu ya taifa, Taifa Stars, Hemed Suleiman 'Morocco', aazimwe ili asimamie timu. Tangu wakati huo, kila kocha wa Simba au Yanga anapopata matokeo mazuri katika mashindano ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, vijiwe vyote vinarudi kwenye swali lile lile: huyu naye ataondoka lini?

Nimeona ni vyema swali hili lijadiliwe kwa utulivu, kwa sababu majibu yanayotolewa mara nyingi yanatokana na hasira au hofu. Upande mmoja wanadai kwamba kocha mwenye mkataba ni lazima azuiwe hata kama ameshakata tamaa ya kukaa. Upande wa pili wanasema anayetaka kuondoka afunguliwe mlango, kwa kuwa klabu ni kubwa kuliko mtu. Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, na nakiri kwamba sikubaliani na upande wowote kati ya hizi pande mbili. Kuondoka kwa kocha mzuri hakuzuiliki. Kinachoweza kudhibitiwa ni siku ya kuondoka kwake pamoja na kile anachokiacha nyuma, na mambo hayo mawili klabu inaweza kuyaweka kwenye maandishi kabla kocha hajaongoza hata zoezi moja.

Tuanze na hizi tetesi zenyewe. Utabiri wetu mwingi unategemea dalili ambazo haziwezi kuthibitisha chochote: kocha hakutabasamu katika mahojiano baada ya mchezo, kocha ameonekana uwanja wa ndege, kocha amefuta picha yenye nembo ya klabu kwenye ukurasa wake. Wapo waliokwisha kuwa mabingwa wa kusoma sura za watu kuliko makachero. Ilhali kuna mwelekeo ulio wazi ambao tungeutazama, tusingehitaji kubashiri. Sven Vandenbroeck aliondoka Simba Januari 2021 akaenda AS FAR ya Rabat, Morocco. Nasreddine Nabi aliondoka Yanga Juni 2023, na yeye pia akatua AS FAR. Zoran Maki alikaa Simba miezi michache tu mwaka 2022, kisha akaenda Al Ittihad ya Alexandria. Sead Ramovic aliiacha Yanga Februari 2025, baada ya chini ya miezi mitatu, akaenda CR Belouizdad ya Algeria. Miloud Hamdi aliyempokea alitwaa ubingwa, kisha akaelekea Ismaily ya Misri. Ukimjumlisha Fadlu, hao ni makocha sita ndani ya miaka mitano, na wote wameelekea kaskazini mwa bara hili.

Sababu yake haina siri. Klabu za Morocco, Algeria na Misri zina uwezo wa kulipa zaidi, ligi zao zinafuatiliwa zaidi, na mashindano ya CAF ndiyo soko ambamo viongozi wao huwaona makocha wetu. Fadlu aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na katika fainali hiyo alipambana na RS Berkane, timu ya Morocco. Simba ilifungwa 2-0 ugenini na kutoka sare ya 1-1 pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, tarehe 25 Mei 2025. Nabi aliifikisha Yanga fainali ya mashindano hayo hayo mwaka 2023 na akakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu mbele ya USM Alger, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 huko Algiers: jumla ilikuwa 2-2, lakini wapinzani walikuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Kwa lugha nyingine, mafanikio tunayoyashangilia ndiyo tangazo la kazi la kocha. Shabiki anayeiombea timu yake ifike fainali ya Afrika, na papo hapo akaomba kocha asiondoke, anaomba mambo mawili ambayo kwa sasa hayakai pamoja.

Hapa ndipo ninapowaomba wachangiaji wasiharakishe, kwa sababu kuondoka kwa makocha hawa hakukuleta matokeo yanayofanana, na tofauti zake zina mengi ya kutufunza.

Tarehe 6 Januari 2021 Simba, iliyokuwa imefungwa 1-0 mjini Harare, iliilaza FC Platinum mabao 4-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki walitoka uwanjani wakiimba njia nzima, wengine kwa miguu kuelekea Tandika, na Sven alikuwa mfalme. Kesho yake ikatangazwa kwamba ameachana na klabu. Wengi tuliamini kwamba makundi yangekuwa ya fedheha. Didier Gomes da Rosa akaletwa mwezi huo huo, na katika kundi lililokuwa na Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh, Simba iliongoza kwa pointi 13. Bao la Luis Miquissone lililoilaza Al Ahly 1-0 pale Mkapa lilifungwa chini ya kocha ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja na nusu nchini.

Yanga nayo ilipompoteza Nabi, pamoja na mshambuliaji wake hatari Fiston Mayele aliyekwenda Pyramids, watani zetu walipita katika majira yale yale ya kilio. Akaja Miguel Gamondi, raia wa Argentina, na katika msimu wake wa kwanza akaiingiza Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, akaifikisha robo fainali, ambako iliondolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti, akatwaa Ligi Kuu na Kombe la FA. Sisi wa Msimbazi alitufunga 5-1, jambo ambalo sina haja ya kulieleza kwa kirefu.

Sasa linganisha na kilichofuata baada ya Fadlu. Simba ilimchukua Dimitar Pantev, kocha aliyekuwa akiinoa Gaborone United hiyo hiyo tuliyoitoa. Timu ikaingia makundi, lakini ikafungwa na Petro de Luanda nyumbani, ikafungwa na Stade Malien ugenini, na mapema Desemba Pantev naye akawa ameondoka. Ni klabu ile ile iliyomsahau Sven kwa wiki chache. Kwa nini safari hii iliyumba?

Jibu langu ni kalenda. Nabi aliondoka msimu ukiwa umekwisha, hivyo Gamondi alipata kambi nzima ya maandalizi na nafasi ya kusajili. Sven aliondoka ghafla, ni kweli, lakini hatua ya makundi ilikuwa bado haijaanza, na kikosi kilichobaki kilikuwa kimecheza pamoja kwa muda mrefu. Fadlu aliondoka katikati ya michezo miwili ya raundi moja, baada ya kambi ya Misri, baada ya wachezaji wapya kusajiliwa kwa kuzingatia mfumo wake, na baada ya kupoteza Ngao ya Jamii mbele ya Yanga. Kocha mpya alikuta kikosi kilichoundwa na mawazo ya mtu mwingine, na hakuwa na siku za kukifundisha upya kwa sababu kila baada ya siku chache kulikuwa na mchezo. Isitoshe, makocha wa siku hizi huja na watu wao: msaidizi, mtaalamu wa viungo, kocha wa makipa, mchambuzi wa video. Kocha akiondoka na watu hao, klabu inabaki na viwanja vya mazoezi na mipira.

Wanaotaka kocha azuiwe hutumia hoja ya mkataba, na hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba makocha hawana dirisha la usajili kama wachezaji. Kocha anaweza kuhama mwezi wowote, na kwa mujibu wa kanuni za FIFA za ajira za makocha, zilizoanza kutumika Januari 2021, mahali pa kukimbilia mkataba unapovunjwa ni fidia. Fidia hiyo huweza kuipa klabu fedha. Haiwezi kumrudisha kocha kwenye benchi akiwa na moyo wa kazi. Nani kati yetu angependa timu ipangwe na mtu ambaye nyumba ameshaitafuta Casablanca?

Kuna pia wanaomwita kocha anayeondoka msaliti. Kwa hawa nina neno gumu kidogo. Gamondi, huyo huyo aliyewapa Yanga mataji mawili, alifungwa na Azam 1-0 tarehe 2 Novemba 2024 na Tabora United 3-1 tarehe 7 Novemba, na ilipofika tarehe 15 alikuwa ameshafungashiwa virago. Kwetu sisi, Robertinho aliondolewa siku mbili tu baada ya zile tano za Yanga za Novemba 2023. Romain Folz aliyepewa Yanga msimu wa 2025/26 hakuufikisha hata Novemba. Mwajiri anayeweza kumwondoa mfanyakazi kwa michezo miwili, huku mashabiki wakishangilia, hawezi kudai uaminifu wa ndoa pale mfanyakazi anapopata mwajiri bora. Kocha anayaona hayo yote, na wakala wake anayaona zaidi.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kocha mzawa, kwa maelezo kwamba hana pa kukimbilia. Sipendi sababu hiyo, kwa maana inamdharau mtu kabla ya kumwajiri. Lakini historia inaonyesha jambo la maana: Zoran alipoondoka mwaka 2022, Juma Mgunda ndiye aliyeiongoza Simba kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola na kuingia makundi, na Januari iliyofuata akaletwa Robertinho. Abdelhak Benchikha alipoondoka Aprili 2024, aliyeitwa kuziba pengo alikuwa Mgunda tena. Wazawa huitwa kunapoharibika, kisha hurudishwa nyuma kunapotengemaa.

Pendekezo langu, ambalo niko tayari lipingwe, ni kwamba mkataba wa kocha mkuu utaje vipindi ambavyo hawezi kuondoka isipokuwa kwa fidia kubwa mno: kuanzia kambi ya maandalizi inapofunguliwa hadi raundi za awali za CAF zinapomalizika, na tena kuanzia mchezo wa kwanza wa makundi hadi wa mwisho. Nje ya vipindi hivyo fidia iwe ya kawaida na inayojulikana, ili klabu ya nje ije mezani badala ya kumpigia kocha simu usiku. Kifungu hicho kiibane klabu vilevile, isimtimue katika vipindi hivyo bila kumlipa kiasi kile kile. Pili, angalau kocha msaidizi mmoja na mchambuzi mmoja wawe waajiriwa wa klabu, wasiokuja wala kuondoka na kocha, wenye kumbukumbu za mazoezi na vipimo vya wachezaji mikononi mwao.

Najua nitaulizwa ni kocha gani mwenye jina atakayekubali kusaini mkataba wa namna hiyo. Huenda wawili kati ya watano watakataa. Ninachotaka kusikia kutoka kwa wanaopinga ni jambo moja mahsusi: kama Raja ingepiga simu tena kesho, kati ya mkondo wa kwanza na wa pili, ninyi mngekuwa mmeandika nini kwenye mkataba ambacho mwaka 2025 hakikuwapo?