Bunge la 1993 Kenya: upinzani ulikuwa na nguvu kweli?

Mjukuu_Mdadisi: Shikamooni. Naandika insha ya Bunge la Saba, la kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Wapinzani walikuwa 88 kati ya 188 waliochaguliwa. Mbona KANU, chama tawala cha Rais Moi, haikutikisika?

Baba_Redio: Marahaba. Hesabu yako haijakamilika, mwanangu. Moi aliteua wengine 12, KANU ikafika 112. Na hao 88 hawakuwa kitu kimoja: FORD-Kenya 31, FORD-Asili 31, DP (Democratic Party) 23, waliobaki vyama vidogo. Jaramogi Odinga wa FORD-Kenya na Matiba wa FORD-Asili hawangekaa meza moja.

Wakati huo nilikuwa fundi baiskeli Nakuru, redio ya betri mbili imening'inia msumarini. Januari 1993 Bunge likafunguliwa, mteja mmoja akaacha gurudumu lake hapo hapo asikilize. Kesho yake Moi akaliahirisha hadi Machi! Yule mteja akanilaumu mimi, eti redio yangu mbovu.

Halafu wakaanza kuhama. Mbunge analala upinzani, anaamka KANU, kiti kinatangazwa wazi, tunarudi kupiga kura. Hilo ndilo lililotuchosha.

Mjukuu_Mdadisi: Na Jaramogi?

Baba_Redio: Alifariki Januari 1994, kiongozi wa upinzani akawa Wamalwa, wa FORD-Kenya pia. Lakini usiandike kwamba Bunge hilo halikufaa kitu. Goldenberg, ile kashfa ya fedha za umma zilizoporwa kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje, tuliisikia kutoka humo bungeni. Kabla ya hapo, nani angethubutu kuitaja kwa sauti?

Mama_Kahawa: Ongeza marekebisho ya sheria ya 1997 ya IPPG, kundi la wabunge wa KANU na upinzani, yalipita mwishoni kabisa.

Baba_Redio: Kweli mama, hayo nilisahau.