Naombeni ushauri: jengo la zamani lenye nguzo tupu chini, litahimili tetemeko?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kukagua majengo dhidi ya tetemeko la ardhi.

Ninachunguza jengo la zege la ghorofa nne, la zamani, michoro yake haipatikani. Chini ni maegesho ya magari: nguzo tupu, hakuna kuta. Juu kote kumejazwa kuta za matofali. Hapo ndipo roho yangu haitulii, maana likitikiswa, sehemu ya chini ndiyo itakayoyumba zaidi, na juu yake wanalala watu.

Nimefanya ukaguzi wa macho kwa fomu ya FEMA P-154, fomu ya Marekani ya kukagua haraka majengo dhidi ya tetemeko. Alama zimetoka chini ya 2, yaani linahitaji uchunguzi wa kina. Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kugonga zege kupima ugumu wake, imeonyesha zege si baya, ingawa inapima ugumu wa uso tu. Kipima nondo ndicho kilichonitisha: ringi za nguzo (vyuma vinavyozunguka nondo za wima) zimeachana milimita 250 hata karibu na maungio ya nguzo na mihimili, mahali zilipotakiwa kubanana. Udongo nao ni mfinyanzi laini, na tetemeko la Mexico City mwaka 1985 lilionyesha jinsi udongo wa namna hiyo unavyokuza mtikisiko.

Je, ni salama kutoboa nguzo hizi kuchukua sampuli za zege, au nichukue kwenye mihimili? Na hesabu ya kawaida ya nguvu za mlalo inatosha kwa jengo kama hili, au lazima nilisukume kidogo kidogo kwenye kompyuta mpaka lishindwe?