Längenfeld, Leukerbad au Bad Hofgastein: wapi nimpeleke mama na watoto kwenye maji moto?

MamaWawili_Stuttgart
Wakuu, habari za leo. Mama yangu anakuja kutoka Tanga, atakaa nasi miezi miwili. Likizo ya shule ya mwisho wa Oktoba tunataka kumtoa siku nne kwenye hoteli ya maji moto milimani. Tuko watano: mimi, baba watoto, mama (miaka 67, magoti yanamsumbua, anameza dawa za presha), binti wa miaka 9, na mdogo wa miaka 3 ambaye kwa upande wa nepi bado simwamini.

Mama ni mtu wa buibui. Nilipomweleza kwamba tunaenda kuogelea kwenye maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, akacheka simu ikataka kumdondoka: "Mnalipia maji ya Galanosi?" Waliokulia Tanga mtaelewa, ile chemchemi ya salfa kule Amboni.

Nimebaki na miji mitatu: Längenfeld na Bad Hofgastein huko Austria, na Leukerbad Uswisi. Aliyefika aseme. Picha za mitandaoni nimezitazama hadi macho yanauma, zote zinafanana.

DerevaWaFernpass
Dada, kwa gari kutoka Stuttgart, Längenfeld ndiyo karibu zaidi. Mnashuka na barabara kuu ya A7 hadi inapoishia Füssen, mnavuka njia ya mlimani ya Fernpass hadi Imst, kisha mnaingia bonde la Ötztal kwa barabara za kawaida. Ile stika ya barabara kuu za Austria hamuihitaji, mradi simu isiwaingize barabara kuu ya A12. Jumamosi msithubutu. Nimewahi kukwama pale saa mbili na nusu nyuma ya msururu wa karavani, mtoto katapika mara mbili.

Bwawa la pale ni Aqua Dome, lilifunguliwa 2004. Maji yanavutwa kutoka zaidi ya mita 1,800 chini ya ardhi. Nje kuna mabakuli matatu makubwa yaliyoinuliwa hewani, moja la maji ya chumvi, jingine la salfa. Unakaa humo, mwili uko kwenye maji ya nyuzi 35 hivi, masikio yanaganda, milima imekuzunguka. Watoto wana upande wao wenye maji ya kina kifupi na mtelezo. Na hoteli yake imeungana na mabwawa: mnashuka kutoka chumbani na majoho yenu ya taulo bila kukanyaga nje. Kwa mwenye magoti mabovu, mimi ningemalizia hapo.

Ila angalia tarehe. Mwisho wa Oktoba ndipo mashindano ya Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji yanapofunguliwa Sölden, na Sölden iko kilomita 13 tu juu ya hapo. Wikiendi hiyo bonde zima linajaa.

BintiKisauni_ZH
Mimi kura yangu Leukerbad, ingawa mfuko utalia. Mji uko mita 1,411 juu ya usawa wa bahari, umekaa kama ndani ya sufuria, kuta za mwamba kila upande. Chemchemi yake ya moto zaidi inatoka na nyuzi 51, kwa hiyo kazi yao ni kuyapoza maji, si kuyapasha. Kwa familia nenda Leukerbad Therme, kuna mitelezo.

Tulikwenda Januari. Usiku theluji inaanguka, sisi tumo kwenye bwawa la nje, mvuke mpaka humwoni aliye mbele yako. Nywele za binti yangu, nilikuwa nimemsuka rasta ndefu, zilikakamaa barafu. Akawa anazigonganisha kama vijiti, koh koh koh, wazee wa Kiswisi wanacheka.

Mkija kwa gari kuna stika ya barabara kuu ya Uswisi, faranga 40, halafu Kandersteg mnapandisha gari juu ya treni, mnapita chini ya mlima kama robo saa hivi. Mkija kwa treni, wa miaka 3 hapa Uswisi ni bure, wa miaka 9 mkatie Junior Card ya faranga 30, anasafiri na mzazi bure mwaka mzima. Kutoka stesheni ya Leuk kuna basi linalopanda kwa kona kali mno. Kaeni mbele.

Nesi_wa_Graz
Niseme kidogo kuhusu Bad Hofgastein maana wengi hawaambiwi. Maji yake yanaletwa kwa bomba kutoka Bad Gastein, na maji ya bonde hilo yana radoni, gesi yenye mnururisho kidogo. Wagonjwa wa viungo wanaifuata hiyo hasa. Tiba yenyewe, kama kuingia kwenye pango la radoni la Böckstein, inapitia kwa daktari, na si ya watoto wala wajawazito. Kuogelea tu Alpentherme, mabwawa ya mji huo, ambako kuna sehemu ya familia, ni habari nyingine. Ila bibi akisikia "dawa ya magoti" atataka kuingia pangoni, na hapo ndipo mtakapoanza kubishana.

Presha: amuone daktari wake kabla ya safari. Akiwa majini, dakika 15 au 20, atoke, alale, anywe maji. Asiinuke ghafla. Na asiige Waaustria wanaotoka kwenye moto wakajitupa kwenye pipa la barafu.

Fundi_Mawe
Hakuna aliyetaja mabwawa ya Vals, Uswisi? Jengo la msanifu Peter Zumthor, 1996, vipande 60,000 vya jiwe la hapohapo kijijini. Unaogelea kama uko ndani ya mlima.

BintiKisauni_ZH
@Fundi_Mawe kaka, pale mtoto wa chini ya miaka 5 haingii. Na ni mahali pa kunong'ona. Umewahi kumwona wa miaka 3 ananong'ona?

Fundi_Mawe
Nimekubali yaishe.

BabaTriplets
Jamani mwambieni kuhusu sauna. Mimi mwaka wangu wa kwanza Austria niliingia na bukta yangu ndefu ya kuogelea, nimejikaza kiume. Mzee mmoja mwenye masharubu, uchi kama alivyozaliwa, akaninyooshea kidole kwenye bango: nguo marufuku. Pembeni yake mkewe. Pembeni ya mkewe, jirani yangu wa ghorofa ya pili! Nilitoka kinyumenyume.

Kwa hiyo dada, mabwawa ni ya nguo, sauna ni ya uchi na wanaume kwa wanawake pamoja. Ni sehemu mbili zenye milango tofauti. Bibi mwonyeshe mlango usiofunguliwa. Watoto nao hawaruhusiwi huko, kwa kawaida mpaka wafike miaka 15 au 16.

Vazi la kuogelea la kufunika mwili nyumba nyingi za maji moto zinalikubali likiwa la kitambaa cha kuogelea, lakini kila nyumba na kanuni zake. Andika barua pepe, jibu likija lihifadhi kwenye simu. Mdogo naye mnunulie nepi za majini kabisa, za kawaida zinavimba kama mto.

Shangazi_Ulm
Na msidanganywe na neno "hoteli ya familia". Sisi tulilipia moja, sitaitaja, tukafika tukaambiwa bwawa la ndani watoto ni saa nne hadi saa sita asubuhi, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Nje ya hapo ni "saa za utulivu". Siku ya mvua tulikaa chumbani tunacheza karata. Sasa nauliza maswali matatu kabla ya kulipa: watoto wanaogelea saa ngapi, maji ya bwawa lao ni nyuzi ngapi, na kodi ya mgeni ya kila usiku imo kwenye bei au haimo.

Chakula: wengi wanatoa cha asubuhi na cha jioni ndani ya bei, chukueni hiyo. Ila nguruwe amejificha kila mahali, hata kwenye yale madonge ya mkate, Speckknödel. Ulizeni jikoni siku ya kwanza. Kuna Kaiserschmarrn, chapati nono iliyochanwachanwa na kunyunyizwa sukari. Watoto wataimaliza.

Na bibi abebe pasipoti yenyewe, si picha. Visa yake ya Schengen inamfikisha Austria na Uswisi pia, lakini mkirudi Ujerumani siku hizi wanakagua mpakani.

MamaWawili_Stuttgart
Asanteni sana, nimecheka na nimejifunza. Bad Hofgastein nimeitoa, najua mama yangu na mapango. Leukerbad tutaenda mwakani, mdogo akishaacha nepi. Nimewaandikia wa Längenfeld kuhusu vazi na saa za watoto, na tarehe nimezisogeza, tunaingia Jumatatu, Sölden washindane kwanza waondoke.

Nimemtumia mama picha ya yale mabakuli. Amenijibu kwa sauti: "Hilo la salfa, linanuka? Kama halinuki, wamewaibia."